Kijiko kitupu

Mwanangu alikuwa na miaka 4 siku nilipomlisha kijiko kitupu. Simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, macho yake yote kwenye katuni. Nikamsogezea kijiko makusudi. Akaachama, akafumba mdomo, akatafuna hewa. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Kumbe hata akishiba mimi huwa naendelea kushindilia tu, na mwenyewe hana habari.

Kliniki, muuguzi alimpima akasema uzito umeupita urefu wake. Mama mkwe hakukubali: "Mwacheni mjukuu wangu, huo mwili wa shibe." Muuguzi naye hakutaka tumnyime chakula. Alitaka uzito usimame kwanza, urefu uufuate.

Nikaanza na simu: nikaiondoa wakati wa kula. Ukitaka kujaribu, jiandae kwa kilio. Siku ya pili alisukuma sahani, wali na maharage vikamwagika mkekani. Sikumbembeleza wala kumkimbiza na kijiko. Nilizoa, nikanyamaza, na saa kumi nikampa kiazi kitamu cha kuchemsha na chungwa. Alikula kwa mkono wake, mpaka ganda la kiazi.

Kilichonisuta ni mimi mwenyewe: namnyima mtoto simu, huku natafuna najibu ujumbe. Sasa simu zote, ya baba yake ikiwamo, zinalala juu ya friji mpaka vyombo vitoke. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 ya skrini kwa siku. Wangu alikuwa anaimaliza kwenye chakula cha mchana pekee.

Soda niliihamishia sikukuu. Chupa ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko 9 vya chai, ila wa kuelezwa hilo si mtoto, ni mjomba anayeingia na mfuko. "Kaka, ukija leta embe." Alinuna kidogo, akaleta.

Jioni, ule muda wa katuni, dada anayenisaidia nyumbani humtoa uani akacheze kombolela na wenzake. Anarudi na njaa ya kweli. Nampakulia upawa mmoja, akitaka, anaongeza.

Juzi alisukuma sahani ikiwa na matonge mawili.

"Mama, nimeshiba."

Mama mkwe akanitazama. Nikaitoa sahani.