Mafunzo ya ufundi: Kuunganisha nyumbani injini ya mbio inayopozwa kwa hewa

Gari la Volkswagen Beetle lilishinda mbio za Safari mwaka 1954, likashinda tena 1957 na 1962. Injini yake ndogo haina rejeta wala tone la maji. Injini za aina hiyo bado zipo katika gereji na nyua nyingi nchini, na kijana aliyesomea umekanika katika chuo cha ufundi cha kaunti anaweza kuifungua moja na kuiunganisha upya nyumbani, ikatoa nguvu kuliko ilivyotoka kiwandani. Nguvu hiyo haipatikani kwa shida sana. Shida ni kuizuia injini isijiue kwa joto.

Silinda zake nne zimelala ubavu, mbili kila upande, na feni moja husukuma hewa juu ya mapezi yake. Joto ambalo hewa haikulichukua hubebwa na oili, na oili yenyewe ni lita 2.5 pekee. Kila nguvu inayoongezwa huja na joto lake, na ndiyo sababu fundi mzuri wa injini hizi hutumia muda mwingi kupima kuliko kufunga nati.

Uamuzi wa kwanza ni ukubwa wa silinda. Injini ya kawaida ya 1600 ina silinda za upana wa milimita 85.5, na pistoni husafiri milimita 69, jumla ya sentimita za ujazo 1,584. Madukani kuna silinda za milimita 88 zinazoingia bila kuchonga chochote, na bei yake huvutia. Zikwepwe. Kuta zake ni nyembamba, zikipata moto hupoteza umbo la duara, ringi huanza kupitisha moshi na oili huanza kuungua. Silinda za 90.5 zina kuta nene na hutoa sentimita 1,775, lakini nyumba ya injini na silinda hedi lazima zichongwe ili zikae. Hiyo ni kazi ya mashine. Fundi wa nyumbani hupeleka vipande kwa mchongaji, kisha hurudi navyo kuunganisha.

Nyumba ya injini ni vipande viwili vya aloi ya magnesi. Nyepesi, lakini hushika moto. Vumbi na chembe zake zifagiliwe mara moja, na zikiwaka zisimwagiwe maji, kwa kuwa maji huchochea moto huo. Ndoo ya mchanga mkavu ikae karibu. Petroli ya kuoshea vipande isitumiwe ndani ya chumba kilichofungwa, wala karibu na jiko.

Krankshafti ikishalazwa katika nusu moja ya nyumba, kila beringi huketi juu ya pini yake ndogo. Beringi ambayo haikuketi vizuri itapondwa nyumba ikifungwa, na pesa zote zitakuwa zimepotea kabla injini haijawashwa. Gia ya krankshafti ina alama mbili za nukta na ya kamshafti ina moja; ile moja hukaa katikati ya zile mbili. Nusu ya pili ikifungwa, nati sita kubwa hukazwa kwa spana ya toki hadi niuta mita 34 na zile ndogo hadi 20, kidogo kidogo, na kila baada ya hatua krankshafti izungushwe kwa mkono. Ikianza kuwa nzito, fundi asimame na kufungua. Hakuna injini iliyowahi kulegea yenyewe kwa sababu mwenyewe ana haraka.

Kipimo kinachorukwa sana ni cha krankshafti kusogea mbele na nyuma. Nafasi hiyo inapaswa kuwa kati ya milimita 0.07 na 0.13, nayo hupangwa kwa washa tatu nyembamba nyuma ya flaiwili. Fundi huweka mbili, hufunga flaiwili, hupima kwa saa ya kupimia, kisha huondoa 0.10 katika jibu, na kinachobaki ndicho unene wa washa ya tatu. Nati ya flaiwili hukazwa kwa takriban niuta mita 343. Asiye na spana kubwa ya kipimo hicho anaweza kufanya hesabu: mtu wa kilo 70 akisimama juu ya bomba, sentimita 50 kutoka katikati ya nati, anatoa nguvu hiyo karibu kabisa.

Mshale ulio juu ya pistoni huelekea upande wa flaiwili. Kila ringi huingizwa kwanza peke yake ndani ya silinda ili pengo la ncha zake lipimwe kwa fila geji. Kwa ringi mbili za juu, milimita 0.30 hadi 0.45 hufaa. Likiwa dogo, ncha hugusana ringi ikipata moto na kukwaruza silinda.

Halafu huja hesabu ya mgandamizo, ambayo ndiyo huamua maisha ya injini. Silinda moja ya 90.5 ina sentimita za ujazo 444. Chumba cha silinda hedi hupimwa kwa kukijaza mafuta kutoka kwa sirinji. Tuseme kinachukua 50. Pistoni ikiwa juu kabisa, na ukingo wa silinda umeizidi kwa milimita 1.5, nafasi hiyo huongeza karibu 9.7. Jumla ya vyote vitatu ikigawanywa kwa 59.7 jibu ni 8.4 kwa moja, kiasi ambacho injini ya hewa hustahimili. Nafasi ikipunguzwa hadi milimita 1, jibu hupanda hadi karibu 8.9 na joto hupanda nalo.

Hapa Kenya mwinuko una neno lake. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya bahari, na hewa yake nyepesi hufanya injini ionekane dhaifu. Fundi hupunguza jeti za kabureta ili petroli ilingane na hewa hiyo, na gari hukimbia vizuri. Gari hilohilo likishushwa Mombasa bila kubadilishwa jeti, hewa nzito ya pwani hukosa petroli ya kutosha, moto ndani ya silinda huwa mkali kupita kiasi, na pistoni huweza kutoboka. Anayejenga injini ya kusafiri anunue seti mbili za jeti.

Mabati yanayozunguka silinda, hasa yale madogo ya chini, mara nyingi huachwa nje kwa dhana kwamba injini itapata hewa zaidi. Ni kinyume. Mabati hayo hulazimisha hewa ya feni kupita katikati ya mapezi. Yasipokuwepo, hewa hutoroka. Silinda ya tatu ndiyo huumia kwanza, kwa kuwa katika injini za kabla ya mwanzo wa miaka ya 1970 kipozea oili kiliwekwa mbele yake na kuiibia upepo. Nyumba ya feni ya muundo wa baadaye, yenye kipozea kilichosogezwa kando, ni bora kuliko pambo lolote la kromu.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, plagi hutolewa na injini huzungushwa kwa stata hadi taa ya oili izimike. Ikishawaka, hushikiliwa kwenye mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, kwa dakika 20, ili kamshafti mpya izoeane na vipande inavyovisukuma. Kuiacha iunguruke polepole huiharibu. Ikipoa, valvu hupimwa upya kwa milimita 0.15 na oili hiyo humwagwa, kwa kuwa imejaa chembe za chuma. Isimwagwe mtaroni wala shambani. Ikusanywe katika mtungi wenye kifuniko na kukabidhiwa mkusanyaji wa oili chafu mwenye leseni.