Mpira wa Vyuo vya Marekani, na Kombe Lililopokonywa

Wengi wetu hudhani kwamba Marekani hakuna mpira wa miguu, ila ule mchezo wao wa kukimbia na mpira mikononi na kuangushana. Sivyo. Mpira wetu wachezwa sana huko, nao huuita soka ili usichanganywe na ule mwingine. Nitaeleza jinsi unavyopanda kutoka kwa watoto hadi vyuo vikuu, kisha habari moja inayotuhusu sisi tunaotamani kwenda kusoma ng'ambo.

Tuanze na watoto. Mwaka 1964 kilianzishwa Los Angeles chama cha mpira wa watoto kiitwacho AYSO. Sheria yake kubwa ni kwamba kila mtoto, awe hodari au dhaifu, acheze angalau nusu ya kila mchezo. Katika mji wa St. Louis kazi ya kuwafundisha vijana ilifanywa tangu zamani na parokia za Kikatoliki, ambazo timu zake zilishindana.

Vijana wale walipokua wengine waliingia vilabu vya ridhaa, yaani vya wachezaji wasioishi kwa mpira. Wanalo kombe lao la taifa. Tena liko Kombe la Wazi, lililoanza msimu wa 1913-14, ambamo timu ya ridhaa yaweza kupambana na timu ya wanaolipwa. Mwaka 1957 klabu ya Kutis ya St. Louis ilitwaa makombe yote mawili. Mchezaji wake mmoja, Harry Keough, alikuwa mpeleka barua wa posta. Naye alikuwamo katika timu ya Marekani iliyoishinda Uingereza 1-0 katika Kombe la Dunia la 1950.

Sasa vyuo. Mashindano ya kombe lao yalianza 1959, chini ya chama cha michezo ya vyuo, NCAA. Chuo Kikuu cha Saint Louis, cha mapadre Wajesuiti, kilishinda mwaka ule wa kwanza, na kufikia 1973 kilikuwa kimelitwaa mara kumi, mara moja kwa kugawana na chuo kingine. Tangu 1967 mwalimu wao wa mpira alikuwa yule yule Keough.

Mpinzani wao alitoka Washington: Chuo Kikuu cha Howard, chuo mashuhuri cha watu weusi tangu 1867. Mwalimu wao, Lincoln Phillips, alikuwa mtu wa Trinidad, na wachezaji wake wengi walitoka visiwa vya Karibi na Afrika. Mwaka 1971 waliishinda Saint Louis 3-2 katika fainali huko Miami. Lakini baadaye NCAA ikawapokonya kombe, ikisema baadhi ya wachezaji hawakustahili kucheza.

Sheria moja ilisema hivi: mgeni akicheza katika timu yoyote ya nchi nyingine baada ya kutimiza miaka 19, kabla hajaingia chuoni, kila mwaka wa kucheza uhesabiwe kana kwamba ameuchezea chuo. Mmarekani hakuhesabiwa hivyo. Mimi nina miaka 19, nami nachezea shule yetu. Kwa sheria ile, jasho langu la Jumamosi lingalinipunguzia haki yangu ya kesho.

Howard walikwenda mahakamani. Mwaka 1973 mahakama iliamua kwamba sheria ile iliwabagua wageni, na mahakama ya rufani ikakubali mwaka 1975. Walakini sheria nyingine, za alama za masomo na za hesabu ya miaka, hazikutanguliwa, na kombe la 1971 halikurudi.

Je, vijana walikata tamaa? La. Mwaka 1974 Howard hawakushindwa hata mara moja. Fainali ilichezwa mjini St. Louis kwenyewe, mbele ya wenyeji. Muda wa kawaida uliisha bila mshindi. Wakaendelea na muda wa nyongeza hadi Howard wakapata bao la ushindi, 2-1.

Ndugu zangu, naona mafunzo mawili. Kwanza, walioonewa walidai haki yao kwa sheria, na heshima yao wakaitafuta uwanjani, wala si kwa matusi. Pili, mguu mwepesi hautoshi: daftari nalo lazima liwe safi. Sheria hubadilika, kwa hiyo atakayepata nafasi ya kwenda aziulize mapema, kabla ya kufunga mizigo. Kuuliza si ujinga.