Kutunza Pampu ya Dizeli katika Trekta Kuukuu

Mvua za masika zinapokaribia, mashamba ya Malindi, Magarini na Kilifi hungojea kulimwa. Trekta ikikwama wakati huo, mkulima huchelewa kupanda. Mara nyingi asili ya taabu ni pampu inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli za injini.

Vyuma vya ndani ya pampu hiyo vimekaribiana mno. Nafasi iliyo kati yao ni nyembamba kuliko unywele. Kwa hiyo mchanga kidogo huvikwaruza, na maji huvitia kutu. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Tangi likilala nusu tupu, unyevu huo hugeuka matone ya maji. Basi yafaa tangi lijazwe kila jioni kwa dizeli safi, iliyotulia pipani na kuchujwa. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, maji yaliyotuama chini ya filta yatolewe. Mafuta ya taa yasichanganywe na dizeli, maana hayalainishi vyuma sawasawa.

Filta ikisha badilishwa, hapana budi hewa itolewe. Skrubu ya filta ilegezwe, na mkono wa pampu ndogo usukumwe mpaka dizeli itoke bila mapovu. Kisha skrubu ikazwe. Ndipo pampu kubwa ifanyiwe vivyo hivyo.

Pampu yenyewe isifunguliwe shambani, bali ipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kuipima. Bei ya filta ni ndogo. Pampu iliyoharibika huweza kumpotezea mkulima msimu mzima.