Uchumi wa Runyenjes: Kiwanda ni cha Nani?

Swali: Ukipanda kutoka mjini Runyenjes kuelekea mlimani unakuta majani chai, ukiteremka ni kahawa, na chini kabisa ni muguka, aina ya miraa. Nani alipanga hivyo?

Jibu: Mwinuko na mvua. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kando ya barabara ya Embu kwenda Meru, na hapo kahawa na makadamia hustawi. Juu, upande wa Kyeni na Kagaari Kaskazini, baridi ya Mlima Kenya hufaa chai hadi ukingoni mwa msitu. Ukanda wa Chai ya Nyayo ulianzishwa mwaka 1986 ili mashamba yasizidi kuumega msitu huo. Kuelekea Mbeere mvua hupungua, na muguka huvumilia ukavu. Hayo ni ya mimea. Pesa zina njia yake, na ndizo wengi wenu mmeniulizia.

Swali: Jirani yangu mwenye chai hulipwa kila mwezi. Mimi wa kahawa nasubiri miezi. Kosa langu ni lipi?

Jibu: Huna kosa. Jirani yako ana hisa katika kiwanda kinachomaliza kazi. Majani aliyochuma asubuhi hufika kiwanda cha Rukuriri au Mungania siku hiyo hiyo, na baada ya muda mfupi huwa chai kavu iliyo tayari kwa mnada wa Mombasa. KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo, iliyoanza mwaka 1964 kama mamlaka ya serikali na kugeuzwa kampuni mwaka 2000, humlipa sehemu kila mwezi, kisha bonasi mwaka wa hesabu ukifungwa. Sisemi bonasi huwaridhisha watu. Kelele zake nazisikia kila mwaka. Ila mwenye chai anajua wa kumwuliza, kwa kuwa wakurugenzi wa kiwanda aliwapigia kura mwenyewe.

Tunachokiita kiwanda cha kahawa humenya cheri, huzichachusha, huziosha na kuzianika vitandani. Ikitoka hapo, kahawa bado ina ganda. Kukoboa, kupanga madaraja na kuuza Nairobi hufanywa kwingine, na kila mkono hukata chake. Tangu mwaka 2023 fedha za mnada hupitia mfumo wa malipo ya moja kwa moja, kila mhusika akipata fungu lake benki. Ni hatua nzuri, lakini ushirika wenye madeni bado utayalipa kwa kahawa yako.

Swali: Kahawa ikiuzwa shilingi 700 kwa kilo, mbona cheri hailipwi hata 120? Si wizi huu?

Jibu: Huenda upo, lakini anza na mizani. Kilo sita au saba za cheri hutoa kilo moja ya kahawa safi. Gawanya 700 kwa saba upate 100; kwa sita, kama 117. Hapo hujatoa gharama za kiwanda, kukoboa, usafiri wala ada ya wakala.

Kwa hiyo kwenye mkutano mkuu usiulize bei peke yake. Uliza ni kilo ngapi za cheri ziliingia na kilo ngapi za kahawa safi zilitoka. Uwiano ukipita saba kwa mbali, ama watu waliuza cheri mbichi, ama mashine inavunja punje, ama kuna gunia lililopita mlango wa nyuma. Kamati itaje ni lipi.

Swali: Ning'oe kahawa nipande makadamia?

Jibu: Usiing'oe. Wengi waling'oa baada ya mkataba wa kimataifa wa kahawa kuvunjika mwaka 1989 na bei kuanguka. Kenya iliyovuna takriban tani 130,000 msimu wa 1987/88 leo haifikishi hata nusu yake.

Makadamia si zao baya. Eneo letu hata limetoa aina yake, EMB-1. Tatizo ni kwamba mkulima hana kiwanda. Ana dalali langoni. Viwanda vingi vya kubangua viko Thika na viunga vya Nairobi. Kuuza nje makadamia zisizobanguliwa kulipigwa marufuku mwaka 2009. Bei ilipoporomoka mwaka 2022 na 2023, serikali ikalegeza marufuku hiyo kwa muda. Nasi tunajiumiza wenyewe: dalali akija mapema tunapukutisha hata changa, zisizo na mafuta ya kutosha. Makadamia iliyokomaa huanguka yenyewe. Panda michache mipakani, kahawa ikae.

Swali: Assam huko India pia huishi kwa chai. Tuige nini?

Jibu: Chai yetu ina asili ya huko, ilipandwa Limuru mwaka 1903. Lakini Assam ilijengwa juu ya mashamba makubwa ya makampuni na vibarua wanaoishi ndani yake. Runyenjes chai iliingia kwenye vishamba vya familia. Kwa hilo, wao ndio wa kutuiga.

Swali: Kama kungejengwa kiwanda kimoja, kiwe kipi?

Jibu: Kinu cha kukoboa kahawa, kwa sharti kwamba vyama kadhaa vya ushirika viungane kukimiliki. Chama kimoja hakina kahawa ya kukifanya kizunguke mwaka mzima: mavuno makuu ni Oktoba hadi Desemba, na mshahara wa fundi hudaiwa hata Julai.