SOMO: FEDHA NI KIPIMO, NA KIPIMO NI MAPATANO



Somo hili linaeleza fedha za kale, ili tuone kwa nini mizani na stakabadhi ni uti wa mgongo wa chama cha ushirika.

1. Jembe lilipokuwa fedha

Katika Uha, majembe ya chuma yalitolewa mahari pamoja na ng'ombe. Jembe lilifaa kwa kuwa kila mkulima alilihitaji. Aliyepokea la ziada aliweza kulitoa kwa mwingine.

Wachina nao walipita njia hiyo zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Walisubu fedha za shaba iliyochanganywa na bati, kwa umbo la sepetu. Za mwanzo zilibakiza tundu la mpini. Za baadaye zikawa ndogo na bapa, zisizoweza kulima. Thamani yake ikawa katika mapatano ya watu, si katika kazi ya shamba. Dola ya Qin ilipoiunganisha nchi mwaka 221 kabla ya Kristo, sarafu ya duara yenye tundu la mraba ndiyo iliyoamriwa kutumika.

2. Sofi za Ujiji

Hapa kwetu, Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika Ujiji mwaka 1874, akakuta bei zote sokoni zikitajwa kwa ushanga uitwao sofi, mithili ya vipande vya kiko kilichovunjika. Soko lilipoanza, watu wenye mifuko ya sofi waliwapa wanunuzi kwa kubadilishana na shanga nyingine. Soko lilipofungwa, walizipokea tena kutoka kwa wauzaji. Walipata faida mara mbili, wala hawakulima wala kuvua.

3. Funzo

Mwenye kushika kipimo hula kabla ya mwenye mali. Chama kiliundwa ili kipimo kiwe mikononi mwa wanachama wote. Kwa hiyo:

(a) Mizani ikaguliwe na kusomwa mbele ya mwanachama.
(b) Stakabadhi itolewe papo hapo, ikionyesha uzito na bei.
(c) Makato yote yaandikwe na kuelezwa mkutanoni.

Katibu asiyefanya hayo amewarudisha wanachama wake kwa wenye mifuko ya sofi.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini sepetu isiyolima iliendelea kupokewa?
2. Katika chama chenu, nani hushuhudia mizani?