ILIMU HAINA MLANGO MMOJA

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mngu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), somo letu la leo tumewakusudia vijana wetu walio vyuoni, khasa wale ambao chuo walichokitaka hawakukipata, au wamekipata wasipate masomo waliyoyatamani. Wengi wao tukiwauliza khabari zao hutujibu, “Ndivyo nilivyoandikiwa.” Neno hilo ni la haki, lakini hutiwa mahali si pake. Kadari ni jambo la kuamini, wala si udhuru wa kukaa.

Na tutazame lililotokea hapa kwetu Mombasa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na ndiye aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, alifariki mwaka 1947 akamwacha mwanawe Ali na umri wa miaka 14. Muradi wa baba ulikuwa kijana aende Misri akasome Al-Azhar. Haikuwa. Mtihani wake wa Cambridge ukatoka kwa daraja ya tatu, na Makerere haikumkubali. Akawa karani katika Chuo cha Ilimu ya Kiislamu cha Mombasa, ambacho tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi.

Fikirini, ndugu zangu: mtoto wa nyumba ya ilimu, yuaandika barua za ofisi katika chuo wanachosoma wenziwe. Wangapi katika sisi wangejificha kwa haya? Yeye, ilipoadhimishwa siku ya kuzaliwa Mtume, alisimama akahutubia. (Khabari ya maulidi na yafanywayo humo si maudhui yetu leo.) Miongoni mwa waliosikiliza alikuwapo Gavana, Sir Philip Mitchell. Hotuba ikampendeza, na kwa sababu yake kijana akapatiwa msaada wa kwenda kusoma Uingereza. Akaanzia Huddersfield, akapata shahada Manchester mwaka 1960, nyingine Columbia mwaka 1961, na udaktari Oxford mwaka 1966. Na Makerere ile ile iliyomkataa ikamfanya profesa wake wa ilimu ya siasa.

Msomaji asitufahamu vibaya. Hatusemi kila aliyekosa chuo atasikiwa na gavana. Wale wa Kiingereza walikwenda zao mwaka 1963, na hawa wa kaunti wana shughuli zao. Tusemalo ni kuwa gavana hangesikia lolote lau yule karani angalinyamaza.

Nabii Musa (a.s.), juu ya utume wake, alisafiri mpaka makutano ya bahari mbili kumtafuta mja aliyepewa ilimu asiyokuwa nayo yeye. Alama ya mahali ilikuwa nini? Kupotea kwa samaki wa chakula chao! Wao walikuwa wamekwisha pita, hata njaa ilipowashika na samaki hayupo, ndipo walipojua kuwa mwalimu yuko nyuma yao, wakarudi kwa nyayo zao. Wewe uliyepotelewa na samaki wako, umerudi kuangalia ulipompotezea?

Mwanafunzi wa leo hudhani ada aliyolipa ni ya darasa lake peke yake. Hamwendei mwalimu kumuuliza yuafanya utafiti gani na kama yuahitaji msaidizi. Tangazo la msaada wa masomo hubandikwa ubaoni, akalipita kila asubuhi. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu iliyoko Jidda ina mpango, tangu mwaka 1983, wa kuwasomesha Waislamu wa nchi zisizokuwa wanachama wake, na Kenya ni mojawapo. Wazee wameniuliza khabari zake. Wanafunzi, hata mmoja.

Na mabinti zetu huzidi kunyamaza, wakiita hiyo ni haya. Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao. Basi asiyeweza kumwendea mwalimu peke yake, na aende na mwenziwe.

Ijumaa ijayo, baada ya sala ya Isha, darsa yetu itakuwa ni kuandika maombi. Kila mwenye barua ya chuo, hata ile ya kukataliwa, na aje nayo.