SOMO LA WIKI: Makosa yanayowagharimu wanunuzi wa nyumba na viwanja

Wiki hii tunaweka kando bei za sokoni ili tuzungumzie karatasi. Mfanyabiashara mdogo akipata ziada kidogo, jambo la kwanza analofikiria ni kiwanja au nyumba ya kupangisha. Ni uamuzi mzuri. Tatizo ni kwamba mtu anayehesabu katoni za sabuni mara tatu kabla hajapokea mzigo dukani kwake, huyo huyo anatoa akiba ya miaka 10 kwa mkataba wa ukurasa mmoja ulioandikwa juu ya boneti ya gari la dalali.

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa wengi watauona kama wa jirani yao. Mwenye duka la vipuri Dar es Salaam anaonyeshwa nyumba kwa Sh. 40,000,000. Muuzaji ni kijana mpole, anasema nyumba ni ya marehemu baba yake na ukoo umekaa na kukubali iuzwe. Muhtasari wa kikao cha ukoo upo, una sahihi 11, na mjumbe amegonga muhuri. Mnunuzi analipa fedha zote siku hiyo hiyo. Baada ya miezi minane anatokea dada wa kijana yule na barua ya mahakama.

Kosa limefanyika wapi? Si katika lugha ya mkataba. Hata wakili bingwa angeuandika, mkataba huo usingesimama, kwa sababu aliyeuza hakuwa na mamlaka ya kuuza. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina tu. Anayeweza kuuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na mkataba unapaswa kutaja namba ya shauri la mirathi, jina la mahakama na tarehe ya uteuzi, na nakala ya barua ya usimamizi iambatanishwe. Tena mnunuzi mwangalifu huomba warithi wote watie sahihi ya kukubali, maana ugomvi wa ndugu hauishi kwa muhuri. Muuzaji akisema "barua ya mahakama inafuata", na fedha nazo zifuate.

Jamaa wa karibu wa kosa hili ni suala la mwenzi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Wengi hudhani wamemaliza kazi kwa kumweka mke wa muuzaji kwenye nafasi ya shahidi. Haitoshi. Shahidi anathibitisha kwamba ameona watu wakitia sahihi. Hajasema kwamba amekubali. Andika aya ya ridhaa, aisome, aitie sahihi yeye mwenyewe mbele ya wakili. Na muuzaji anayedai hana mke aape kiapo cha maandishi. Kwa ndoa za wake wengi, ulizia vizuri ni mke yupi anaishi ndani ya nyumba hiyo. Swali hilo lina aibu kidogo, lakini liulize.

Sasa tuje kwenye kitu chenyewe kinachouzwa. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ardhi yote nchini ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Unachonunua ni haki ya kuitumia kwa kipindi na masharti fulani. Hivyo basi mkataba unaosema "nimemuuzia ardhi yangu" bila kutaja hati, muda uliobaki na matumizi yaliyoruhusiwa umeacha nje nusu ya bidhaa. Hati ya miaka 33 iliyobakiza miaka 6 haiwezi kuwa na bei moja na ile iliyobakiza 80. Kiwanja cha makazi nacho si mahali pa kufungua gereji.

Kama kiwanja kimepimwa, andika namba ya kiwanja, kitalu, eneo na namba ya hati, kisha fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla ya kutoa hata shilingi. Upekuzi ndio unaoonyesha kama kuna rehani ya benki au zuio. Hati halisi kuwa mkononi mwa muuzaji si ushahidi kwamba hadaiwi na mtu.

Kama hakijapimwa, hapo ndipo penye vituko. Mikataba mingi husema "kiwanja cha hatua 20 kwa 20". Hatua za nani? Mtu wa kimo cha kawaida hatua yake ni kama sentimita 75. Hatua 20 zinakuwa mita 15, na kiwanja kinakuwa mita za mraba 225, siyo 400 ulizokuwa unazipigia hesabu. Kwa Sh. 40,000,000 ulidhani unanunua kwa Sh. 100,000 kila mita ya mraba, kumbe ni karibu Sh. 178,000. Mlete mpima, achukue vipimo, na mchoro wake uwe sehemu ya mkataba ukiwa na sahihi za pande zote. Kuandika "kaskazini amepakana na Mzee fulani" hakukatazwi, ila Mzee naye anaweza kuuza mwakani.

Kwa maeneo ya pembezoni mwa miji, jiulize swali jingine: hapa bado ni kijiji au tayari ni mtaa? Ikiwa ni ardhi ya kijiji, muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi. Anayetoa idhini ni Halmashauri ya Kijiji ikiwa kwenye kikao, na Mahakama ya Rufani imekwisha kutamka kuwa mauziano yasiyo na idhini hiyo ni batili. Dai muhtasari wa kikao, uambatanishwe.

Halafu kuna ugonjwa wa bei mbili. Mnunuzi anatoa milioni 40, mkataba unasomeka milioni 15, ati kupunguza kodi. Kwanza, uhamisho wa hati huambatana na ripoti ya uthamini, kwa hiyo hesabu hiyo ya ujanja mara nyingi haifiki mbali. Pili, siku mauziano yakivunjika utadai kilichoandikwa. Sheria ya Ushahidi haipendi maneno ya mdomo yanayopingana na mkataba wa maandishi. Umejitia hasara ya milioni 25 kwa kalamu yako mwenyewe, na bado una la kujibu kwa mamlaka ya kodi.

Kuhusu kodi, taja waziwazi nani analipa nini. Kodi ya faida itokanayo na mauzo ni mzigo wa muuzaji kisheria, lakini Msajili hasajili uhamisho bila cheti cha kodi hiyo. Muuzaji aliyekwisha kupokea fedha zote hana haraka ya kwenda kuilipa. Mwisho wake mnunuzi anailipa mwenyewe huku akinung'unika. Kodi ya pango la ardhi ya miaka ya nyuma na bili za maji nazo ziandikwe kwa jina la anayezibeba.

Hapa ndipo mpangilio wa malipo unapofanya kazi kuliko aya nyingine zote. Usilipe kwa mkupuo. Lipa sehemu ndogo wakati wa kutia sahihi, sehemu nyingine muuzaji akionyesha cheti cha kodi na idhini zinazotakiwa, na kiasi cha maana kibaki hadi uhamisho usajiliwe kwa jina lako. Malipo yapite benki, kwa akaunti iliyotajwa kwenye mkataba. Kila awamu iwe na tarehe, na pia ielezwe nini kitatokea tarehe ikipita: siku ngapi za nyongeza, fedha zinarudi lini, nani anakaa na hati wakati huo. Maneno "kiasi kilichobaki kitalipwa baadaye" yafutwe kabisa.

Mkataba uwe katika lugha ambayo muuzaji anaielewa. Ukiandikwa kwa Kiingereza kwa mtu asiyekijua, pawe na maelezo yenye sahihi kwamba amesomewa na kutafsiriwa.

Ushuru wa stempu ulipwe mapema, kwani mkataba usiolipiwa haupokelewi mahakamani kama kielelezo mpaka ulipiwe pamoja na faini. Kisha nyaraka za uhamisho zipelekwe kwa Msajili bila kusubiri. Mpaka jina lako liingie kwenye daftari lake, muuzaji bado ndiye mmiliki anayetambulika huko, na mdai wake anaweza kuifuata nyumba hiyo wakati wewe umeshaanza kupaka rangi.